Maswali ya Wasomaji: Parokia yetu ni ndogo, mwaka umeisha, tunashukuru kwa lipi?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wenzetu walioko Marekani wanaosali kwenye parokia ndogo ndogo za Kanisa la Episkopali, na nyingi zinazunguka jambo hilohilo, mwaka unaisha, mkutano mkuu wa parokia uko mlangoni, mtu kapewa kazi ya kushukuru kwa niaba ya wenzake na hajui aanzie wapi. Ile ya kwanza nimeipa nafasi kubwa makusudi, maana naona wengi mnayo hiyohiyo ila hamkuiandika.

SWALI: Mama shikamoo. Mimi Mwanglikana toka utotoni, natokea Tanzania, sasa hivi tuko Ohio na familia. Kanisani kwetu Jumapili tukijitahidi sana tunafika kama 35, kasisi wetu ni wa nusu muda, siku zingine ana kazi yake nyingine. Mwaka huu nimechaguliwa kuingia vestri, yaani baraza la parokia, sasa mzee mkuu wa kanisa kaniambia niandike ukurasa mmoja wa shukrani za mwaka mzima, utasomwa kwenye mkutano mkuu Januari. Nimekaa na karatasi naona sina la kuandika. Hatujaongezeka, tumezika wazee wanne, boila, ule mtambo wa kupasha joto kanisa, imekufa katikati ya baridi na akiba yote imeishia huko. Nikisimama pale niseme tunashukuru si nitaonekana naigiza tu? (Mama wa watoto wawili, Ohio)

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuchaguliwa. Kwanza weka pembeni hiyo 35. Idadi ya watu ina mahali pake, kila parokia ya Episkopali inatakiwa ijaze ripoti ya mwaka na kuituma kabla ya tarehe 1 Machi, humo ndo mnaandika wastani wa waliohudhuria Jumapili, waumini wangapi, hela imeingia kiasi gani imetoka kiasi gani. Hiyo ni kazi ya fomu, wewe umepewa kazi nyingine. Na ujue pia hampo peke yenu, zaidi ya nusu ya parokia za kanisa hilo Jumapili hazifikishi watu 100, kwahiyo mtu akikwambia kanisa lenu limekufa kwa sababu mko 35 ujue hajui anachosema.

Sasa fanya hivi. Nenda kwenye kile chumba cha nyuma wanapovalia majoho, omba wakupe vitabu viwili. Kimoja ni cha ibada, kingine ni cha parokia. Kile cha parokia kanuni za kanisa zinamtaka kasisi akiweke, na cha ibada kwa kawaida kipo, labda vina vumbi tu. Kile cha ibada kila ibada iliyofanyika imeandikwa, tarehe, nani kaongoza, wangapi walikuwepo. Kile kingine kina ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi. Kaa navyo mchana mzima na kikombe chako cha chai usome mstari kwa mstari kuanzia Januari, nakuhakikishia hutamaliza Februari bila kukuta kitu. Utakuta Jumapili ya theluji watu saba tu wamefika na sala zimesomwa kama kawaida. Utakuta Jumapili ambayo kasisi hakuwepo na Sala ya Asubuhi imeongozwa na mlei, sasa jiulize alikuwa nani, alijiandaa lini, nani alimsomea somo la pili. Utakuta Jumatano ya Majivu jioni, watu kumi na kitu wametoka kazini wamechoka wakaja kupigwa alama ya majivu kwenye paji la uso. Hiyo yote ni mali yenu ya mwaka na hakuna aliyeihesabu.

Ukishamaliza vitabu nenda kwenye yale yasiyoandikwa popote, na hapa ndo pana utajiri kabisa kwa parokia ndogo. Kanisa kubwa lina wafanyakazi wa kulipwa, kwenu kila kitu kinafanywa na mikono ya mtu unayemjua. Nani anafungua mlango saa moja asubuhi? Nani anazoa theluji njiani ili bibi mwenye fimbo asianguke? Vitambaa vya madhabahu vinafuliwa na kupigwa pasi nyumbani kwa nani, divai na hostia nani anahakikisha hazijaisha, mishumaa nani anabadilisha? Nani anapika kahawa baada ya ibada, na muhimu zaidi nani anabaki kuosha vikombe wakati wengine tayari wako kwenye magari? Nani anapeleka Komunyo nyumbani kwa wagonjwa? Walei wanaofanya kazi hiyo wanapewa leseni na askofu kabisa, sio jambo la kupita tu, na mgonjwa wa nyumbani kwake hilo ndo kanisa lake la wiki nzima. Kama mna stoo ya chakula, nani anapanga makopo, nani anakaa na wanaokuja kuchukua badala ya kuwakabidhi mfuko na kuwageuzia mgongo? Na parokia nyingi za Marekani ukumbi wao wa chini usiku unatumiwa na vikundi vya watu wanaoacha pombe. Kama na kwenu wapo, taja tu kwamba chumba kilikuwa wazi na joto mwaka mzima, basi, usimuelezee mtu yeyote maana wale wanakutana kwa siri na siri yao iheshimiwe.

Halafu hao wazee wanne mliowazika. Wewe umeiandika kama hasara na nakuelewa, kwenye kanisa la watu 35 wanne wakiondoka viti vinaonekana kabisa. Ila fikiria na upande mwingine, mazishi manne maana yake mara nne parokia yenu ndogo ilisimama ikamsindikiza mtu wake ipasavyo, watu wakaomba ruhusa kazini, chakula kikapikwa, mtoto wa marehemu aliyekuja kwa ndege kutoka mbali akakuta ukumbi umepangwa na watu wanaomkumbuka mama yake kwa jina. Waandike hao wazee mmoja mmoja, kila mmoja na kitu kimoja alichokuwa anakifanya kanisani. Usiandike alikuwa nguzo ya kanisa, hiyo inasemwa kwa kila marehemu. Andika alikuwa anakaa benchi gani, alikuwa anaimba sauti gani, alikuwa anawapa watoto wako nini mfukoni.

Kuhusu boila na akiba. Kitabu cha Sala cha 1979, kile mnachotumia kila Jumapili, nyuma kuelekea mwisho kwenye sala za shukrani ukurasa wa 836 kuna sala kwa Kiingereza inaitwa A General Thanksgiving, na ndani yake kanisa linamshukuru Mungu hata kwa mambo yaliyotuvunja moyo na tuliyoshindwa, yale yanayotufanya tukiri kwamba tunamtegemea yeye tu. Mimi hiyo sala naipenda sana kwa sababu haidanganyi, haisemi kushindwa ni kutamu, inasema tu kwamba na huko nako Mungu alikuwepo. Kwahiyo boila usiifiche. Iseme ilivyokuwa, imekufa lini, mlihamia wapi, nani alileta hita za umeme kutoka nyumbani kwake, imegharimu dola ngapi, akiba ilikuwa kiasi gani na imebaki kiasi gani. Shukrani inayoficha shimo la hela watu wanaisikia harufu, alafu hata yale ya kweli uliyosema hawayaamini tena.

Nikupe mfano wa aya ili uone ninachomaanisha, wewe utabadilisha iwe yenu: "Boila ilipokufa tulisali ukumbini wiki tano tukiwa na makoti. Mwenzetu mmoja alikuwa anafika saa moja kabla kuwasha hita tatu alizotoa kwake, na fundi alipomaliza hakuna hata Jumapili moja iliyokosa Ekaristi. Akiba yetu imetumika, mtunza hazina ataeleza ilivyo. Tunamshukuru Mungu kwa joto, na kwa aliyefika mapema." Umeona hakuna neno kubwa pale. Ile sentensi ya tunawashukuru wote waliojitolea kwa namna moja au nyingine nakuomba uitupe kabisa, imewachosha watu na haijawahi kumshukuru mtu yeyote.

Mambo mawili ya tahadhari. Ukitaka kutaja ugonjwa wa mtu au shida ya nyumbani kwake muulize kwanza, hata kama kanisa zima linajua, kujua ni kitu kimoja na kusomewa kwenye maiki ni kingine. Na orodha yako ya majina wape watu wawili waipitie kabla, mmoja wa zamani sana na mmoja mgeni, maana wa zamani anakumbuka walioacha kuonekana na mgeni anaona wale ambao ninyi mmewazoea mpaka hamuwaoni. Ukimaliza kusoma usirefushe, waambie wote wasimame msali pamoja ile shukrani ya kwenye Sala ya Asubuhi, ile inayoshukuru kwa kuumbwa kwetu na kutunzwa kwetu na zaidi ya yote kwa kukombolewa, halafu inaomba sifa zetu zisiwe za midomo tu bali za maisha. Imo kwenye Kitabu cha Sala tangu 1662 na wazee wenu hapo wanaijua kwa kichwa.

SWALI: Mama habari za kazi. Nipo Texas, nyumbani Kenya nilikuwa ACK, yaani Kanisa la Anglikana la Kenya. Hapa nasali Episkopali kwa sababu ndo ilikuwa karibu na ibada niliitambua. Mamangu akinipigia ananiuliza kama hilo ni kanisa letu ama nimehama dini. Nimwambieje?

JIBU: Mwambie mama ni ukoo mmoja ila mna mazungumzo magumu ya kifamilia. Kanisa la Episkopali ndo tawi la Anglikana Marekani. Baada ya Wamarekani kujitoa kwa mfalme wa Uingereza, Waanglikana waliobaki kule hawakuwa na askofu wao hata mmoja. Samuel Seabury wa Connecticut akatumwa London awekwe wakfu, sheria ikawabana maaskofu wa Uingereza maana lazima aape utii kwa mfalme, ikabidi aende Uskoti na akawekwa wakfu Aberdeen mwaka 1784. Mwaka 1789 wakakutana Philadelphia wakajipanga kama kanisa na wakapitisha Kitabu chao cha Sala. Ndo maana ibada umeitambua, mizizi ni hiyohiyo.

Hayo mazungumzo magumu anayoyasikia mama ni ya kweli pia, usimfiche. Tangu 2003 Episkopali walipomweka wakfu askofu anayeishi waziwazi na mwanaume mwenzake, majimbo kadhaa ya Anglikana Afrika yalisitisha au kupunguza ushirika nao, na hadi leo halijaisha. Wewe na parokia yako ndogo hamtalimaliza mkiwa mnaosha vikombe. Ila mpigie video siku ya ibada, mwonyeshe mlivyokaa, msalie naye Baba Yetu pamoja, mama atajua mwenyewe mwanae anasali au hasali.

SWALI: Kila mwaka kanisani wanagawa viboksi vya bluu vya karatasi, tunaambiwa tuweke shilingi... yaani senti, kila tukishukuru kitu. Watoto wangu wanapenda ila mimi naona kama mchezo. Hizo hela zinaenda wapi? (Baba, Iowa)

JIBU: Baba hiyo sio mchezo, na kwa maoni yangu ndo kitu kizuri kuliko vyote ambavyo Waepiskopali wanafanya kuhusu kushukuru, natamani na sisi tungekuwa nacho. Huo mfuko unaitwa United Thank Offering, ulianza 1889, ulianzishwa na akina mama. Wakati ule Julia Chester Emery ndo alikuwa katibu wa umoja wa wanawake wa kanisa hilo, kazi aliyoifanya miaka 40 kuanzia 1876 mpaka 1916. Ile sadaka ya kwanza ilisaidia kujenga kanisa Anvik, kijiji kilichopo kando ya mto Yukon huko Alaska, na kumpeleka mmisionari mwanamke Japani. Fikiria, senti za mama wa jikoni zimekuwa mbao na misumari kwenye barafu ya Alaska.

Na kuna jambo linaloniuma kila nikilifikiria. Hao wanawake waliokuwa wanakusanya hela yote hiyo hawakuruhusiwa kukaa kama wajumbe kwenye Mkutano Mkuu wa kanisa lao mpaka 1970. Miaka zaidi ya 80 wanaweka senti kwenye boksi na kwenye kura hawamo. Siku hizi wanawake ni makasisi, maaskofu, na mmoja Katharine Jefferts Schori alichaguliwa kuliongoza kanisa lote mwaka 2006. Sasa hivi viboksi vinakusanywa kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na majira ya kupukutika, na hela zote zinatoka tena kama misaada kwa miradi ya huduma ndani na nje ya Marekani.

Kwa watoto usiwaambie weka hela, waambie waseme kwanza wanashukuru nini alafu ndo senti iingie. Wakishukuru kwa sababu mbwa wa jirani amepona mwache aseme mbwa amepona. Na wewe baba weka mbele yao, useme kwa sauti.

SWALI: Mama naomba unisaidie, hili limeleta maneno. Kanisani kwetu Oktoba na Novemba ni shukrani shukrani, mahubiri ya shukrani, chakula cha shukrani, alafu mwisho wa yote unapewa kadi ujaze ahadi yako ya mwaka ujao kwa dola. Mume wangu anasema hiyo ni mtego, wanakulainisha kwanza. Na mjumbe mmoja wa vestri kapendekeza ripoti ya mwaka ichapishe kila familia imetoa kiasi gani kama njia ya kuwashukuru. Sisi hatuna hela nyingi. (Msomaji, Minnesota)

JIBU: La pili nalijibu kwanza kwa sababu ni jepesi: hapana. Msichapishe. Mjane anayetoa dola 5 kwa wiki kutoka kwenye pensheni na daktari anayetoa 200 wakiwekwa kwenye karatasi moja wote wawili mmewakosea, mmoja mmemwaibisha na mwingine mmemnunulia sifa. Kumshukuru mtoaji kuna njia yake, mtunza hazina anamwandikia kila mmoja barua Januari kumweleza alichotoa mwaka mzima, na sheria ya kodi ya Marekani inataka sadaka ya dola 250 kwenda juu iwe na barua ya namna hiyo kama mtu anataka kuiombea punguzo. Humo kwenye barua ongezeni mistari miwili ya mkono, sio ya kompyuta, mshukuruni. Kwenye ripoti andikeni tu familia ngapi zimeahidi na jumla yake.

La mumeo ni zito zaidi na ana haki ya kuuliza. Kwanini kadi inakuja wakati huo? Kwa sababu vestri inapanga bajeti ya mwaka unaoanza Januari, bila kujua ahadi hawawezi kujua kama watamlipa kasisi. Hiyo tu. Ila kosa la parokia nyingi ni kuichanganya na shukrani bila kueleza hela ya mwaka unaoisha imefanya nini, hapo mtu lazima ahisi anavutwa. Mimi ningekuwa kwenye vestri yenu ningesema wiki ya kwanza hakuna kadi, kuna hesabu tu. Wekeni wazi. Malipo ya kasisi ni kiasi gani, na juu yake parokia inapeleka asilimia 18 ya malipo hayo kwenye mfuko wa pensheni wa makasisi, watu wengi hawalijui hilo wanadhani hela inapotea. Mchango wa dayosisi ni kiasi gani, kila dayosisi ina kiwango chake, na dayosisi nayo inatakiwa ipeleke kama asilimia 15 ya mapato yake kwa kanisa la kitaifa. Bima, umeme, gesi, matengenezo. Hesabu za parokia zinatakiwa zikaguliwe kila mwaka kwa kanuni, basi semeni zimekaguliwa na nani na amesemaje.

Kuna jingine zuri ambalo waumini hawalisikii. Kanuni za kanisa zinasema sadaka ya Jumapili moja kila mwezi, ile isiyopangiwa kazi maalum, iende mkononi mwa kasisi kwa ajili ya maskini na mambo ya huruma. Muombeni kasisi awaeleze kwa jumla mwaka huu mfuko huo umefanya nini, bila majina, umeme wa nyumba ngapi umelipwa, mafuta ya gari ya mtu aliyekuwa anaenda hospitali. Mumeo akisikia hayo yote, wiki mbili baadaye ndo kadi ije. Na kama hamna hela mwaka huu andikeni kile mnachoweza, hata kama ni kidogo, kadi sio deni, mambo yakibadilika unamwambia mtunza hazina unabadilisha.

SWALI: Tunataka kufanya ibada Alhamisi ile ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru, na wimbo mmoja wa Kiswahili maana tupo familia tano za Wakongo na Watanzania. Mama mmoja wa kizungu kasema hiyo siku ni ya serikali sio ya kanisa, na kuimba Kiswahili kutawachanganya wazee. (Kijana wa kwaya, Kentucky)

JIBU: Kijana, kwa heshima zote mwambie mama huyo afungue Kitabu cha Sala. Siku hiyo ipo kwenye kalenda ya kanisa na ina sala yake na masomo yake. Tena kanisa lilitangulia, kitabu chao cha 1789 kiliweka siku ya kushukuru kwa mazao ya nchi Alhamisi ya kwanza ya Novemba, au siku nyingine ambayo serikali ingepanga. Lincoln akatangaza ya taifa zima 1863, na Bunge likaja kuifunga kwa sheria kwenye Alhamisi ya nne mwaka 1941. Kuna hadi litania ya siku hiyo, ile sala ya kupokezana, inashukuru kwa chakula na nyumba na marafiki, kwa akili za kufikiri na mikono ya kutumika, na inawataja wanaovumilia mateso. Gawaneni mistari yake, kila familia isome mmoja.

Wimbo imbeni, ila msiwaache wazee wakiwa watazamaji. Chapisheni maneno ya Kiswahili na maana yake pembeni, chagueni wenye kiitikio kifupi, na Jumapili mbili kabla wakati wa kahawa wafundisheni hicho kiitikio tu. Mwombeni huyohuyo mama aje kwenye zoezi. Na kumbukeni ninyi familia tano kwenye parokia ndogo sio wageni wa kuchangamsha ibada mara moja kwa mwaka, mmoja wenu agombee vestri, mwingine ajifunze kutunza madhabahu. Hilo liombeni sambamba na wimbo.

SWALI: Mama, mke wangu ameosha vyombo na kupanga ukumbi wa kanisa tangu tumefika hapa, kila Jumapili, hata akiwa mjamzito. Mkutano mkuu mwaka jana walisoma majina ya kuwashukuru watu, la kwake halikuwepo. Hakusema kitu, ila tangu siku hiyo anakaa benchi la nyuma na ibada ikiisha tunaondoka. Mkutano mwingine unakuja. Nikawaambie waongeze jina lake? (Mume, Pennsylvania)

JIBU: Ndio, kawaambie, na usione aibu. Sio kudai sifa, ni kuwasaidia wenzako waone walichokosa. Ila usisubiri mkutano. Jina likiongezwa tu kwenye orodha baada ya mwaka mzima atajua limeongezwa kwa sababu wewe umelalamika, litamuuma mara ya pili. Nenda kwa kasisi wiki hii, faragha, mwambie kama ulivyoniambia mimi, mkeo alifanya nini, muda gani, na nini kilitokea. Kasisi mwenye moyo hatajitetea, atakuja nyumbani kwenu. Akija ndo amwambie mwenyewe mkeo kwamba walimsahau na wanajuta, amsikilize, na asimwombe arudi jikoni siku hiyohiyo. Asimwombe kabisa. Kama mkeo atataka kurudi atarudi, kama atasema nimechoka sasa nataka kuimba kwaya au nataka kukaa tu nisikilize neno, hiyo ni haki yake na vyombo watafute mtu mwingine, ikibidi wajumbe wa vestri waoshe wenyewe kwa zamu.

Ukishaongea na kasisi, wewe nawe usibaki mjumbe tu. Jumapili hii kaa naye benchi hilo la nyuma, ibada ikiisha kama anataka kuondoka ondokeni. Na mwambie mkeo kwamba umeniandikia, asije akayasoma humu kabla hujamwambia.